Mheshimiwa Tairi na Mteremko wa Kumbatia

Nchi yenyewe si yetu. Tuelewane hapo mapema, maana mimi nimeshastaafu, magoti yanauma, na sina nguvu tena za kuitwa ofisini kujieleza. Ni nchi iitwayo Telezani, iko pale pale ramani inapokunjwa, ndiyo maana wengi wenu hamjaiona. Niliyaona haya kwa macho yangu mawili, moja likiwa na mtoto wa jicho. Ukikuta humu jambo linalofanana na la kwenu, basi kosa ni la macho yako. Yapeleke yakapimwe.

Watu wa Telezani ni wema kupindukia. Wakipenda kitu wanakipenda wote kwa siku moja, na kabla ya kukichukia wanasubiri tangazo. Mwaka huo walipenda tairi. Liliitwa Milele, lilitoka ng'ambo, na lililetwa na shemeji yake Waziri wa Barabara, mfanyabiashara mashuhuri ambaye hadi hapo alikuwa akiuza miavuli inayovuja.

Redio ya Taifa ililitangaza Milele kabla ya taarifa ya habari, na baada ya taarifa ya habari, na kama habari zenyewe zilikuwa mbaya, badala ya taarifa ya habari. Sauti nzito ya mwanamume ilisema: "Milele! Halipasuki, halitelezi, halichoki. Utazeeka wewe!" Kisha watoto wa shule wakaitikia kwa wimbo: "Utazeeka weeewe!"

Nchi ikapagawa. Mshenga akienda kuposa, anaulizwa kwanza kama kijana ana Milele. Kijana asiye na gari alinunua tairi moja, akaliegemeza sebuleni, na wageni wakiingia wanalisalimu kabla ya kumsalimu mama mwenye nyumba. Kila mtaa ukapata mtoto aitwaye Milele. Imamu mmoja na padri mmoja, ambao tangu waanze kujuana hawajapata kukubaliana hata saa ya kula, walikubaliana kwamba neno hilo sasa lina mwenyewe na wao watafute lingine la kuelezea pepo.

Nasema hayo ili mjue Bi Tunu aligusa nini alipofungua mdomo.

*

Juu ya mlima kuna mji uitwao Kilele. Chini kuna Bondeni, penye hospitali, gereza, na kila ofisi yenye kiyoyozi. Kati ya hiyo miwili kuna mteremko mmoja tu, nao huitwa Kumbatia, kwa sababu abiria wasiojuana huanza safari wamepeana migongo, na kufika chini wameshakuwa ndugu.

Bi Tunu Mlekwa alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la Kilele. Mwanamke mpana wa mabega, mikono mizito, mdomo mwepesi. Alikuwa amewateremsha Kumbatia wagonjwa wa mji mzima, na hakuna hata mmoja aliyemlalamikia, isipokuwa kwa nyimbo alizokuwa akiimba kwenye kona. Serikali ilipopenda Milele ikamfungia gari lake yote manne na la akiba, kwa sherehe, kwa utepe, na hotuba ndefu kuliko mteremko.

Asubuhi moja alimpakia Mzee Mavoa, seremala, kifua kimembana. Mkewe, Bi Chausiku, alikaa nyuma akimshika mkono. Kwenye kona iliyo kali kuliko zote, tairi la mbele likapasuka. Mshindo wake ulisikika hadi Bondeni, watu wakadhani ni mizinga ya kumpokea Rais, wakatoka mbio na bendera. Bi Tunu akapigana na usukani, akalilaza gari upande wa mwamba badala ya upande wa korongo. Likasimama. Hakuna aliyechubuka. Akashuka kutoa tairi la akiba, akalikuta nalo limepasuka. Lilikuwa limelala tu kivulini, halijafanya kazi hata siku moja tangu lizaliwe.

Wakakaa pale. Mzee Mavoa alikaa kidogo kuliko wenzake. Jua lilipofika utosini alikuwa ameshakwenda, kichwa kwenye mapaja ya mkewe, hospitali ikionekana pale chini na bati lake jipya likimeremeta. Hapa siongezi chumvi. Kwingine kote nimetia na nitatia, lakini hapa sikutia.

Mwandishi wa redio alifika, akamsogezea Bi Tunu kinasa sauti.

"Dereva, unasemaje?"

"Nasema tairi hili ni la kuuzia maneno, si la kubebea mtu."

Maneno hayo yakaenda hewani kwa bahati mbaya, kwani mtu wa kuyakata alikuwa amekwenda kunywa chai. Kabla jua halijatua Bi Tunu alikuwa mahabusu. Kosa lenyewe lilitungwa jioni hiyo hiyo, na wino wake ulikuwa haujakauka: Kulisengenya Tairi Pasipo Tairi Kuwepo Kujitetea.

Lakini msiione Telezani vibaya. Ni nchi ya haki. Sheria ilisema wazi: tairi likipimwa likaonekana ni kama tangazo linavyosema, Bi Tunu ni mwongo, leseni yake ichomwe hadharani naye afungwe katika gereza la Bondeni. Tangazo likionekana la uongo, basi aachiwe arudi kwenye usukani wake. Ikaundwa Tume ya Kupima Ukweli wa Milele. Mwenyekiti akawa Mheshimiwa Lubawa, mtu aliyekuwa hajapata kuendesha gari maishani mwake, jambo lililompa sifa kubwa ya kutoegemea upande wowote.

*

Siku ya kulipima ilifika. Uwanja wa Bondeni ulifurika. Gari liliandaliwa, fundi akashika jeki, na tairi moja jipya likatolewa kwenye ghala la shemeji, bado limevaa nailoni. Fundi alipolishika tu, Mheshimiwa Lubawa akaruka kutoka kitini.

"Liache!" akafoka. "Ndugu wananchi, sisi si watu wa porini. Tairi hili limevuka bahari kuja kwetu. Ni nani huyu? Ni mgeni! Na wazee wetu walisemaje? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ya ngapi? Ya kwanza! Ni nani kati yenu anampokea mgeni kwa kumfunga misumari na kumburuza kwenye kokoto?"

Watu wakatazama chini kwa aibu. Mzee mmoja alilia. Fundi akaomba radhi kwa tairi, akaweka jeki mfukoni. Mfuko ulikuwa mkubwa.

Mheshimiwa Tairi, ndivyo alivyoanza kuitwa kuanzia hapo, akavikwa shada la maua akaketishwa kiti cha mbele, kati ya mwenyekiti na mke wa mwenyekiti. Akaletewa sinia la pilau na paja la mbuzi. Alipokawia kula, Mheshimiwa Lubawa akala kwa niaba yake, mpaka uboho ndani ya mfupa, akiufyonza kwa sauti iliyosikika nyuma ya uwanja walikosimama waliokuja na njaa. Alipomaliza, hakuona kitambaa karibu. Akampangusia mgeni vidole. Mafuta yakatandaa kwenye mpira mweusi.

"Angalieni anavyong'aa!" akasema.

Tume ikaandika: mng'aro, bora kabisa. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kwanza. Mimi nilikuwa na tonge mdomoni, nikalitema. Mpaka leo nikiona pilau nahisi harufu ya mpira.

Siku ya tatu gari lililetwa tena uwanjani, na fundi akaja na jeki yake. Mgeni hayupo! Alfajiri alikuwa amepelekwa wilaya ya pili, na kule, kwa mujibu wa mila, alikuwa ndiyo kwanza amefika. Ngoma, shada, pilau. Kule nako siku ya tatu ilipokaribia, akahamishiwa wilaya ya jirani, akawa mgeni upya. Katika wilaya moja walimchinjia fahali wa shule, yule wa kulimia shamba la chakula cha wanafunzi. Katika nyingine walitandika shuka za wodi ya wazazi kuanzia barabarani hadi jukwaani, ili asikanyage vumbi. Ndiyo. Tairi, lisikanyage vumbi. Wazazi wenyewe walikuwa wamelala kwenye mabati ya vitanda, wakaambiwa wawe wazalendo, ni kwa siku mbili tu.

Ziara yote hiyo mgeni hakugusa barabara. Alipakiwa kwenye pikapu kuukuu yenye matairi ya zamani, yenye viraka, yasiyo na jina wala tangazo. Hayo yalizunguka nchi nzima, mawe na makorongo, hayakupasuka. Hakuna aliyeyauliza kitu.

*

Bi Tunu alikuwa katika mahabusu ya kituo cha Kilele, chini ya Sajini Ngole, askari mpole aliyekuwa akiomba samahani kabla ya kufunga kufuli.

"Afande," Bi Tunu akamwita kupitia nondo, "mgeni wenu kafika wapi leo?"

"Wilaya ya Mashariki, dada. Redio inasema kachinjiwa fahali."

"Na mimi nimechinjiwa nini?"

"Wewe una maharage."

"Jana maharage, juzi maharage. Mwambie mwenyekiti wako, hata kwetu mgeni akizidisha kukaa tunaanza kumfagilia miguuni."

Sajini akacheka, kisha akaangalia nyuma kama kuna aliyemwona akicheka. "Dada Tunu, kwa nini usiombe msamaha tu? Sema ulikuwa na uchungu, mdomo uliteleza. Watakurudishia leseni yako."

"Nimwombe nani? Tairi?"

"Inasemekana atakusamehe."

Bi Chausiku, mjane wa Mzee Mavoa, alikuwa hapo kwenye benchi. Alikuja kila asubuhi na chupa ya uji, akakaa mpaka Bi Tunu aumalize. Hakuwa msemaji. Siku hiyo alisema moja tu: "Ukiomba msamaha, mwanangu, mume wangu atakuwa amekufa na nini?"

Bi Tunu akarudisha kikombe. Habari ya msamaha ikaishia hapo.

Wakati huo Kilele haikuwa na gari la wagonjwa wala dereva. Wakarudia ya zamani: mgonjwa analazwa kwenye kitanda cha kamba, vijana wanakibeba mabegani, wanashuka Kumbatia kwa miguu. Na miguuni walivaa katambuga zilizokatwa kwenye Milele, kwa sababu mapande ya Milele yalikuwa yametapakaa kila kona ya mteremko kama majani ya mwembe. Fundi viatu wa Kilele aliniambia mpira wenyewe si mbaya, mradi usiutie upepo.

*

Hatimaye wilaya ziliisha. Telezani si nchi kubwa. Mla pilau yeyote mwenye bidii anaimaliza. Ya mwisho ilikuwa Kilele. Mgeni akapandishwa mlima kwenye ile pikapu yake, msafara wa Tume ukimfuata. Akachezewa ngoma siku mbili, na ya tatu ikakucha akiwa bado yupo, maana hapakuwa na pengine pa kumpeleka. Bi Tunu akaletwa mbele ya Tume katika ukumbi wa mji.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema kabla hajaulizwa jina, "shikamoo. Leo ni siku ya tatu. Jembe liko wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Gari la wagonjwa lilikuwa limevutwa hadi nje, alama ya mwamba bado ubavuni. Watu wakapaza sauti: lifungwe hilo tairi, lishuke Kumbatia, tuone!

Mheshimiwa Lubawa akainua mkono. "Tume haikurupuki. Kupima kwa kutumia ni njia ya watu wasiosoma. Sisi tutamhoji." Akamgeukia mgeni kwa heshima, akainama kidogo. "Mheshimiwa Tairi. Je, wewe unapasuka?"

Kimya.

"Unateleza?"

Kimya.

"Unachoka?"

Kimya. Mjumbe mmoja aliyekuwa akisinzia akazinduka akasema, "Kunyamaza ni kukubali," na jirani yake akamkanyaga mguu mpaka machozi yakamtoka.

"Mmeona busara yake?" akasema mwenyekiti haraka. "Mwenye haki hana haja ya maneno. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu!"

"Mshindo wenyewe niliusikia, Mheshimiwa," akasema Bi Tunu. "Hata Bondeni waliusikia. Wakatoka na bendera."

Watu wakacheka mpaka madirisha yakatikisika, na naapa nilimwona Sajini Ngole akiuma kofia yake. Lakini kicheko kilikatika Bi Chausiku aliposimama. Alikuwa na kipande cha tairi ndani ya kanga, lile lililopasuka siku ile. Akakiweka mezani, mbele ya sinia la nyama la Tume.

"Baba," akamwambia mwenyekiti, "mimi sijui matairi. Nauliza mume wangu."

Mheshimiwa Lubawa akakisogeza kile kipande kwa ncha ya kalamu, kisigusane na nyama. "Mama, pole sana. Tume imechunguza kifo cha marehemu kwa undani. Imebainika kuwa alikufa kwa haraka. Angengoja, angefika."

"Alingoja. Alingoja mpaka akawa wa baridi mikononi mwangu."

"Andika," mwenyekiti akamwambia karani, "shahidi anakubali kuwa hapakuwa na haraka."

Nimeishi miaka mingi, nimeona fisi wakigombea, nimeona wajomba wakigawana mirathi. Sijapata kuona kitu kilichonitia kinyaa kama mtu yule alivyoichovya kalamu ile ile, iliyogusa mpira uliomuua mwenzake, kwenye sikio lake, akajikuna, akasoma hukumu.

Ilikuwa fupi na yenye mantiki ya kisomi. Milele, kwa mujibu wa tangazo, halipasuki. Kilichopasuka, kwa hiyo, si Milele. Lakini gari lile lilifungiwa Milele na serikali, na serikali hainunui kitu bandia. Kwa hiyo hakuna kilichopasuka. Kwa hiyo Bi Tunu aliliegesha gari Kumbatia kwa starehe zake na kulisengenya tairi. Miaka miwili gerezani Bondeni. Leseni yake ikachomwa pale pale kwa kiberiti cha Sajini, ambaye aliomba samahani kabla ya kukiwasha.

Bi Tunu hakulia. Aliitazama ikijikunja mpaka ikawa jivu. Kisha akamwuliza Bi Chausiku kama uji umebaki.

*

Hapo ndipo likatokea jambo dogo la usafiri.

Shemeji ya Waziri, kwa moyo wake wa shukrani, alikuwa ameleta mafundi. Wakati Tume ikila chakula cha kufungia kazi, mafundi hao wakayavua magari yote ya msafara matairi yake, na karandinga la magereza pia, wakayafunga Milele mapya yenye utepe mwekundu. Ya zamani yakapakiwa kwenye lori na kupelekwa kusikojulikana. Ile pikapu yenye viraka nayo haikusalimika. Waheshimiwa wakatoka nje wakijichokonoa meno, wakayaona matairi mapya. Kisha wakaiona Kumbatia, imejinyoosha chini yao kama ulimi.

Sheria ya Telezani inasema mfungwa hupelekwa gerezani kwa gari la serikali, asipelekwe kwa miguu, asije akadhaniwa ni mtu huru. Bi Tunu akajipandia mwenyewe kwenye karandinga, akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Haya. Twendeni."

Sajini akamtazama dereva. Dereva akasema anakwenda kuchimba dawa, akaingia kichakani, na nadhani yumo mpaka leo. Dereva wa pili akasema jana mkewe aliota ndoto mbaya. Wa tatu hakutoa sababu, alikaa tu chini.

"Mheshimiwa," Bi Tunu akaita kupitia dirisha la wavu, "panda wewe mbele uwape moyo. Halipasuki, halitelezi."

"Ningependa," akajibu Mheshimiwa Lubawa, "lakini nina kisukari. Daktari kanishauri nitembee."

"Na mjumbe wako yule?"

"Naye ana kisukari."

"Na yule?"

"Tume nzima ina kisukari!" akasema kwa ukali. "Ni ugonjwa wa uongozi. Tutashuka kwa miguu, kwa afya na kwa uzalendo."

"Basi nishuke nami nitembee nanyi, nikafungwe mapema nitoke mapema."

"Huwezi. Mfungwa hatembei. Utasubiri usafiri."

Wakaondoka, viatu vya ngozi vikilia kwa-kwa-kwa kwenye kokoto. Sajini Ngole akafungua mlango wa karandinga polepole. "Dada Tunu, samahani. Nenda ukasubirie nyumbani. Kituoni maharage yameisha."

*

Waheshimiwa hawakuwa wamefika hata nusu ya Kumbatia. Viatu vilikuwa vimefunguka midomo, matumbo yameitangulia miguu, na Mheshimiwa Lubawa ameketi juu ya jiwe akijipepea kwa hukumu. Mara wakasikia sauti nyuma yao.

"Njia! Njia! Mgonjwa huyo!"

Ni kitanda cha kamba, kinashuka mbio mbio mabegani mwa vijana, na juu yake binti mja mzito ameuma ncha ya kanga. Bi Chausiku anakimbia kando akimkinga jua kwa sinia. Na mguu wa mbele wa kitanda, upande wa korongo, aliyeushika begani ni Bi Tunu, akiimba nyimbo zake za kona.

Mwenyekiti akasimama katikati ya njia. "Hicho kitanda kinabeba wangapi?"

"Mmoja," akasema Bi Tunu akitweta, "na mwingine yuko njiani. Pisha, Mheshimiwa."

"Huyo binti hawezi kutembea kidogo? Mpaka kona ile tu. Nipumzishe mgongo."

Hata uchungu wa yule binti nadhani ulisimama kidogo kusikiliza. Wale vijana walitazama korongo, wakamtazama mwenyekiti, wakalitazama tena korongo.

Bi Tunu akatema mate pembeni. "Mheshimiwa, umepanda huku kwetu lini?"

"Leo ni siku ya tatu."

"Siku ya tatu. Haya, mila ni yako mwenyewe uliyotufundisha. Shika mguu wa kitanda."

Mwenyekiti akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Macho yake yakaanguka chini, mavumbini, kwenye nyayo za wale vijana. Kila unyayo ulikuwa umechapa neno moja, kwa herufi zilizonona: MILELE. Kila hatua, kutoka Kilele mpaka pale. Uso wake ukang'aa kuliko tairi lililopakwa mafuta.

"Waheshimiwa! Njooni muone! Yako miguuni mwao! Yanashuka Kumbatia, yamebeba mgonjwa, na hakuna hata moja lililopasuka!"

Tume ikapiga magoti mavumbini, ikazikagua nyayo, ikapiga makofi. Kitanda kikawapita. Hakuna aliyeinua uso kuona kimekwenda wapi.

Jumapili hiyo redio ilikuwa na tangazo jipya, sauti ile ile nzito: "Milele! Imethibitishwa na Tume: yanabeba wagonjwa mpaka mlangoni mwa hospitali!" Na watoto wakaitikia. Waziri alimpongeza shemeji yake, na mwenyekiti akapelekwa ng'ambo kutibiwa nyayo.

Yule binti alijifungua salama Bondeni, mtoto wa kiume. Hakuitwa Milele. Aliitwa Mavoa.

Bi Tunu bado anasubiri usafiri. Kila wakishusha kitanda hupita mbele ya gereza, maana njia ya hospitali ni hiyo hiyo, na askari wa lango, ambaye jina la Bi Tunu analo daftarini tangu siku ya hukumu, humwita kwa huruma.

"Bi Tunu! Bado hujaletwa tu?"

"Bado, kaka. Nasikia gari liko tayari."

"Na nitajuaje kuwa limeanza kushuka?"

"Usijali," humjibu, akihamisha kitanda bega la pili. "Utasikia mshindo."